Nani Alisema Inatosha? Uchambuzi wa kisa cha binti, kaka yake na fedha za mtoto mmoja

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea miaka michache iliyopita katika mji mdogo wa pwani ya Tanzania. Nilihusika nikiwa mwalimu wa Historia na wa malezi katika shule ya kata aliyosoma binti huyu. Yeye na mama yake wameridhia nikiandike. Majina nimeyaacha, kazi za watu wawili nimezibadilisha, na shule zote nimezificha. Wahusika nitawaita Binti, Kaka, Mama, Baba Mdogo na Bibi.

Nakiandika kwa ajili ya walimu wenzangu na wote wanaoitwa kwenye vikao vya familia kwenda kumtetea mtoto wa kike. Mara nyingi tunakwenda na msemo mmoja mdomoni tukidhani utatosha. Mimi nilikwenda hivyo, na nikashindwa mbele ya watu. Baadaye niligundua kwamba hoja iliyoniangusha ina zaidi ya miaka 200, na kwamba wanawake wa zamani waliokuwa wakidai elimu walikwishaijua hatari yake.

Hali ilivyokuwa

Baba wa watoto hawa alifariki wakiwa shule ya msingi. Mama alibaki na watoto watatu, akiendesha biashara ya vitumbua na uji asubuhi na samaki wa kukaanga jioni. Mambo makubwa ya familia yaliamuliwa na Baba Mdogo, fundi seremala, mtu wa swala tano na mwenye sifa ya kutokula mali ya yatima. Jambo hilo nalisema mapema makusudi. Msomaji anayetafuta mtu mbaya katika kisa hiki hatampata.

Binti na Kaka wamepishana mwaka mmoja na nusu, lakini walifanya mtihani wa kidato cha nne pamoja kwa sababu Kaka alirudia kidato cha pili. Matokeo yalipotoka Januari, Binti alikuwa na daraja la pili, Kaka daraja la tatu. Orodha ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano ilipotangazwa, majina yote mawili yalikuwemo, kila mmoja shule yake ya bweni, mkoa tofauti.

Ada ya kidato cha tano na cha sita imefutwa katika shule za serikali tangu mwaka wa fedha 2022/23. Hata hivyo kuna ile karatasi ya maelekezo ya kujiunga. Godoro, shuka mbili, chandarua, ndoo, ufagio wa chelewa, fyekeo, rimu ya karatasi, sare jozi mbili, viatu vyeusi vya ngozi, halafu nauli. Mama aliijumlisha nyuma ya karatasi yenyewe kwa kalamu ya risasi, akapata kama laki nne kwa kila mtoto. Fedha iliyokuwepo, iliyotokana na mavuno ya minazi ya marehemu, ilikuwa laki nne na nusu.

Baba Mdogo alipendekeza Kaka aende, na Binti apelekwe kujifunza ushonaji kwa fundi hapo hapo mjini, kisha anunuliwe cherehani mavuno yajayo. Mama alikuja ofisini kwangu akiwa bado amevaa aproni yenye unga. "Mwalimu," aliniambia, "shemeji yangu si mtu mbaya. Ila akishasema, mimi sina maneno ya kumjibu. Njoo wewe unisemee."

Kikao cha kwanza

Tulikaa barazani baada ya alasiri. Baba Mdogo na binamu yake mmoja walikaa kwenye benchi, mimi na Mama mkekani. Bibi, mama mzazi wa Baba Mdogo, alikaa pembeni akisuka ukili. Watoto walikuwa ndani, na hakuna aliyefikiria kuwaita. Mimi pia sikufikiria.

Nilianza na hoja niliyoizoea. Nilisema ukimwelimisha mwanamke umeielimisha jamii nzima. Nikaeleza kwamba mama aliyesoma hulea watoto wenye afya, huwasaidia masomo, na huisimamia nyumba yake vizuri. Nilizungumza kwa dakika kumi hivi, na kwa kweli nilidhani nazungumza vizuri.

Baba Mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa: "Mwalimu wetu, umesema kweli tupu. Sasa nikuulize mawili. Hiyo jamii atakayoielimisha ni ya nani? Huyu ataolewa, wanawe watakuwa wa watu wengine. Na la pili, kama ni kulea watoto na kusimamia nyumba, kidato cha nne hakimtoshi? Mama yake ana darasa la saba, na amewalea hawa mpaka wamefaulu."

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kukimbilia sheria, nikataja marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 na kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Lilikuwa kosa. Hakuna aliyekuwa amezungumzia kumwoza. Binamu yake akageuza uso, na Baba Mdogo akasema, "Tumefikishana huko, mwalimu?" Mama akatazama chini. Kikao kiliisha kwa kahawa na uamuzi uleule: Kaka aende, Binti ashone.

Siku nne za katikati

Nilirudi nyumbani na lile swali la pili likinisumbua: hakimtoshi? Nilikuwa nimekutana nalo mahali. Nilifungua madaftari yangu ya chuo na kulikuta Paris, mwaka 1791.

Mwaka ule, katikati ya Mapinduzi ya Ufaransa, Talleyrand, mwanasiasa wa Ufaransa, aliwasilisha bungeni taarifa ya mpango wa elimu ya umma. Kwa upande wa wasichana, mpango ulisema wasome shule za umma mpaka umri wa miaka 8, kisha warudi kwa wazazi wakafundishwe kazi za nyumbani. Hakudai kwamba wasichana hawana akili. Alitazama kazi aliyoamini wanakwenda kuifanya maishani, akaipimia elimu, akaona miaka 8 inatosha. Kidato cha nne cha Baba Mdogo kilipimwa kwa kipimo hichohicho.

Mwaka uliofuata, 1792, Mary Wollstonecraft, mwanamke wa London aliyewahi kuendesha shule yake mwenyewe, alitoa kitabu cha kutetea haki za mwanamke na kumwelekezea Talleyrand huyohuyo. Wengi tunakumbuka sehemu yake ya manufaa: kwamba mwanamke asiyeelimishwa hawezi kuwa mwenzi wa kweli wa mumewe wala mama mwenye busara, na kwamba atarudisha nyuma maendeleo ya wote. Ndiyo sehemu niliyoipeleka barazani bila kujua. Lakini katika maneno yaleyale ya kumwelekea Talleyrand aliuliza swali kali zaidi: ikiwa mwanamke naye amejaliwa akili, nani alimfanya mwanamume kuwa hakimu pekee?

Swali hilo halibishani kama kinachotosha ni umri wa miaka 8 au kidato cha nne. Linauliza nani aliyepewa kibaba cha kupimia.

Nilipoendelea kusoma niliona jinsi hata marafiki wa wanawake walivyoipanga hoja hii. Condorcet, mwanafalsafa Mfaransa aliyekuwa mbele ya wanaume wengi wa zama zake, aliandika mwaka 1791 sababu nne za wanawake kupewa elimu sawa. Ya kwanza, waweze kusimamia elimu ya watoto. Ya pili, kusiwe na ukosefu wa usawa ndani ya familia. Ya tatu, wawasaidie wanaume wasisahau walichojifunza. Ya nne ndipo akasema: kwa sababu wanawake wana haki ileile ya elimu kama wanaume. Haki iliwekwa mkiani. Mimi barazani sikuiweka hata mkiani.

Hapo niliona jambo la pili, na hili lilinichoma zaidi. Sikuwa nimemuuliza Binti anataka nini. Nilimwita shuleni siku ya pili. Nilitarajia aseme daktari au muuguzi, kama wanavyosema wengi. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, mimi nataka kujua. Baba alipewa dawa ileile aliyopewa jirani yetu. Jirani alipona. Nataka kujua kwa nini."

Nilimkumbuka Sor Juana Inés de la Cruz, mtawa wa Mexico, ambaye mwaka 1691 aliandika barua ndefu ya kujitetea baada ya askofu kumshauri apunguze elimu ya dunia. Anasimulia kwamba akiwa na miaka mitatu alimfuata dada yake kwa mwalimu, akadanganya kwamba mama yake ameagiza naye afundishwe kusoma. Baadaye akamwomba mama yake amvalishe nguo za kiume apate kwenda chuo kikuu. Hadai kwamba alisoma ili amfae mtu. Alisoma ili apunguze ujinga wake mwenyewe. Jikoni alitazama jinsi yai linavyoshikana kwenye mafuta na kuachana kwenye shira, akaandika kwamba mwanafalsafa Aristotle angekuwa anapika angeandika mengi zaidi. Binti huyu, mama yake aliniambia, hupima moto wa vitumbua kwa kuhesabu sekunde mpaka tone la unga liibuke, na anaandika kwenye daftari.

Kikao cha pili

Niliomba kikao kingine, safari hii kupitia kwa Bibi. Nilikwenda kumwamkia asubuhi, nikamweleza kwamba nimekuja kuomba radhi kwa kutaja jela barazani. Akacheka, akasema atamwambia mwanawe. Niliomba pia Binti na Kaka wawepo.

Nilianza kwa kumwomba radhi Baba Mdogo mbele ya watu wote. Halafu nikaweka mkekani karatasi mbili za matokeo, ya Kaka na ya Binti, bega kwa bega. Sikusema nani amefaulu zaidi, wote walijua. Nilisema tu kwamba shule ilikuwa moja, walimu walewale, mtihani uleule, na kwamba Binti aliamka saa kumi usiku kumenya nazi na kukoroga unga kabla ya kwenda shule.

Hoja hii niliipata kwa Christine de Pizan, mwanamke aliyeandika Ufaransa mwaka 1405. Alisema ingekuwa desturi kuwapeleka mabinti shule na kuwafundisha elimu kama wanavyofundishwa wavulana, wangeelewa sawasawa kama wao. Kwake lilikuwa jambo la kufikirika, maana jaribio lenyewe halikuwa limefanyika. Kwetu limefanyika, na majibu yake yanabandikwa ukutani kila Januari. Waandishi wengine wawili wa Ufaransa, Marie de Gournay mwaka 1622 na mwanamume aitwaye Poulain de la Barre mwaka 1673, waliisogeza mbele. Poulain akasema akili haina jinsia, na kwamba yaliyoandikwa na wanaume kuhusu wanawake yashukiwe, kwa kuwa wao ni mahakimu na papo hapo ni wenye kesi.

Majina hayo sikuyataja barazani, isipokuwa binamu aliponiuliza kama haya si mambo ya Wazungu. Nilimjibu kwamba Wazungu walikuwa na baraza zao na mabishano yao, nasi tuna yetu. Nikamtaja Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanazuoni wa Mombasa, ambaye katika miaka ya 1930 aliandika gazetini mwake akiwalaumu Waislamu wa pwani kwa kuwanyima wanawake elimu, na kuliita jambo hilo dhuluma. Baba Mdogo alinyanyua kichwa. Jina alilijua tangu utotoni, alisoma kitabu chake chuo cha Kurani. Nikataja pia Sokoto, kaskazini ya Nigeria, ambako Shehu Usman dan Fodio, mwanazuoni na kiongozi wa zamani, aliwakemea wanazuoni waliofundisha wanafunzi mchana kutwa huku wake na mabinti zao wamewaacha gizani, wakiwatumia kama chungu kinachotumika mpaka kivunjike kikatupwe jalalani. Binti yake, Nana Asma'u, alitunga mashairi ya kufundishia na kuandaa walimu wa kike waliozunguka vijijini.

Nikasema la mwisho: "Siku ya hesabu, Binti ataulizwa juu ya nafsi yake. Hataulizwa kwa niaba ya mumewe. Akili aliyopewa ni amana yake."

Mwandishi Mary Astell alisema karibu hivyo Uingereza mwaka 1694: ikiwa Mungu amewapa wanawake nafsi zenye akili kama wanaume, kwa nini wakatazwe kuziendeleza? Nakiri kwamba nilipokuwa chuoni niliziruka kurasa za dini katika maandishi ya wanawake hawa, nikiziona ni ganda. Barazani niliona ndizo kiini chenyewe. Wollstonecraft, Astell na Shehu hawakufanana itikadi, na Shehu nisingemwita mtetezi wa usawa kwa maana tunayoitumia leo. Lakini wote watatu walimwona mwanamke ana hesabu yake mwenyewe mbele ya Mola wake. Mwenye hesabu yake hawezi kupimiwa elimu kwa haja za mtu mwingine.

Ukawa ukimya. Kisha Bibi akaweka ukili wake chini.

"Mimi nilitolewa chuoni nilipovunja ungo," alisema. "Kaka zangu wakaendelea mpaka wakakhitimu. Mmoja wao nilikuwa nimemtangulia juzuu mbili. Marehemu baba hakusema kwamba siwezi. Alisema inatosha." Akaokota ukili. "Nimekaa na hiyo inatosha miaka sitini."

Baada ya hapo Baba Mdogo alisema jambo ambalo hakulisema siku ya kwanza. Binti yake mkubwa aliwahi kusoma mbali, akipanga chumba na wenzake, na alirudi na mimba. Hakuwahi kulizungumza hadharani. Kumbe muda wote tulipokuwa tukibishana juu ya faida ya elimu, yeye alikuwa akiogopa barabara ya kilomita mia tatu. Tulizungumza juu ya bweni, matroni, simu ya kila Jumapili, na nani atamsindikiza.

Binti aliulizwa, akarudia maneno yaleyale: anataka kujua. Alipotaja dawa za baba yake, Baba Mdogo alijifuta uso kwa kofia yake.

Maamuzi na sababu zake

Iliamuliwa wote wawili waende. Uamuzi wa Binti kwenda na Kaka kubaki ulikuwepo mezani, maana matokeo yalimpa Binti haki hiyo ikiwa kigezo ni alama. Niliupinga. Hoja ya usawa haiwezi kuanza kwa kumfungia mtoto mwingine mlango, na Mama asingeupata usingizi.

Fedha ziligawanywa hivi. Kaka alichukua godoro la nyumbani lililofuliwa kitambaa chake, Binti akanunuliwa jipya kwa sababu shule yake ilidai inchi maalumu. Mama aliomba zamu yake ya upatu isogezwe, akapata laki mbili. Baba Mdogo alitoa zilizopungua akaziita mkopo, na alitengeneza masanduku mawili ya mbao, sawa kwa sawa, kila moja na kufuli yake. Binti aliripoti kwanza. Kaka alifuata baada ya siku tisa.

Kilichofuata

Mama alilipa upatu kwa miezi minane, na kwa muda huo jioni hakukuwa na samaki, maana mtaji wake ulikuwa umeliwa.

Kaka aliacha shule muhula wa pili wa kidato cha tano. Tulipokaa naye alisema hakuwahi kuitaka kidato cha tano, alitaka chuo cha ufundi, lakini "mimi ndiye mtoto wa kiume, nani angeniuliza?" Sasa ni fundi umeme na kazi anaipenda.

Binti, akiwa kidato cha sita, aliitwa nyumbani Bibi alipougua. Alikaa wiki tano akimuuguza. Kaka wakati huo alikuwa nyumbani akisubiri chuo kifunguliwe, na hakuna aliyemwambia amuogeshe Bibi au ampikie uji. Binti alirudi shuleni wiki chache kabla ya mtihani, akapata daraja la tatu. Leo anasoma stashahada ya maabara ya afya. Bibi amefariki.

Uchambuzi

Hoja ya manufaa, ile ya kuelimisha jamii nzima, si ya uongo. Kosa langu lilikuwa kuiweka mbele na peke yake. Kila unapomwambia mtu kwamba elimu ya binti ni ya kuwafaa wengine, unampa haki ya kuuliza wengine hao ni kina nani, na unamkabidhi kibaba apime kiasi cha kuwafaa. Talleyrand alipima miaka 8, baba wa Bibi alipima kuvunja ungo, Baba Mdogo alipima kidato cha nne. Kipimo kinasogea kadiri zama zinavyokwenda, na kila kizazi kinaona kimekuwa karimu. Siku hizi nasikia shahada ya kwanza ikitajwa kwa sauti ileile: inatosha, sasa aolewe.

Sisemi hoja hiyo iachwe kabisa. Mama, kwa mfano, ilimtia nguvu, na katika kikao cha pili nayo ilizungumzwa baada ya mengine. Wollstonecraft mwenyewe aliichanganya na hoja ya haki, na sidhani ni kwa unafiki, alikuwa akizungumza na watu wasiokubali kitu kingine. Lakini mchanganyiko huo ulimgharimu hata yeye. Katika mpango wake wa shule, wavulana na wasichana, matajiri na maskini, wangesoma pamoja wamevaa sare moja. Baada ya umri wa miaka 9, wale waliokusudiwa kazi za nyumbani na za mikono wangesoma pamoja asubuhi, kisha mchana wasichana waende kujifunza kushona. Nilipokutana tena na mstari huo nilifikiria cherehani ya Baba Mdogo. Mwanamke aliyeuliza nani alimfanya mwanamume hakimu, kwenye ratiba ya mchana alikuwa bado hajaondoka kwenye sindano.

Kushona si kazi duni. Mjini kwetu wapo mafundi cherehani wanaosomesha watoto mpaka chuo kikuu. Tatizo la ile cherehani ni kwamba Binti hakuichagua, kama Kaka alivyokuwa hakuchagua kidato cha tano. Hapa naona kushindwa kwangu ambako sikukuona wakati ule. Nilimkumbuka Binti kuchelewa, na Kaka sikumkumbuka kabisa. Alikuwepo kwenye kikao cha pili, amekaa mlangoni, na hakuna aliyemgeukia. Familia ilitumia karibu laki nne kumpeleka mtoto mahali asipopataka, kwa kuwa shule ilihesabiwa ni stahili yake kwa kuzaliwa mwanamume. Angeulizwa siku ya kwanza, fedha zingetosha, upatu usingeguswa, na samaki wa jioni wangeendelea kukaangwa.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni zile karatasi mbili mkekani na maneno ya Bibi. Karatasi ziliondoa suala la uwezo bila mimi kufungua mdomo. Bibi aliondoa suala la kiasi. Mimi nilikuwa na Paris ya 1791 kichwani, yeye alikuwa na juzuu mbili alizomtangulia kaka yake, na zake zilikuwa nzito kuliko zangu. Mwalimu anayekwenda kwenye kikao kama hiki amtafute mwanamke mzee wa nyumba ile kabla hajatafuta takwimu. Mara nyingi mtetezi wa kwanza wa elimu ya wasichana amekaa pale pale anasuka ukili, hajaombwa kusema.

Kuitaja sheria kulikuwa kosa la wakati na la mahali. Sheria ile ina kazi yake, na siku binti anapotaka kuozwa akiwa shuleni nitaitaja bila kusita. Ila niliitumia kuziba pengo la hoja, na Baba Mdogo akalazimika kujitetea kana kwamba ni mhalifu. Kama nisingeomba radhi, hofu yake juu ya binti yake mkubwa isingetoka kamwe, nasi tungeendelea kubishana na jambo ambalo silo.

Pigo kubwa zaidi ni zile wiki tano. Tulishinda juu ya mlango wa shule, hatukugusa kazi za nyumbani. Barazani wote tulikubali kwamba akili haina jinsia, kisha Bibi alipougua wote, mimi nikiwemo, tuliona ni kawaida kwamba uji una jinsia. Binti mwenyewe hakulalamika, alimpenda bibi yake. Lakini Kaka naye alimpenda. Siku hizi ninapokaa kikao cha namna hii nauliza mapema, mbele ya wote: akiugua mtu hapa nyumbani, nani ataitwa? Ni swali linalochukiza kidogo, na majibu yake huwa ya haraka mno. Naliandika jibu kwenye karatasi ya maelekezo ya kujiunga, nyuma, chini ya hesabu ya mama.

Mwezi uliopita Baba Mdogo alinipigia simu. Binti yake wa mwisho amechaguliwa kidato cha tano, na karatasi ilikuwa mkononi mwake. Hakuniuliza kama aende. Alitaka kujua, pale walipoandika ndoo, wanamaanisha ya lita kumi au ishirini.